Unga wa Harusi, Mwaka Dizeli Ilipokosekana

Desemba iliyopita basi la kutoka stesheni ya Kipkelion lilitufikisha Kericho mjini, dereva akazima injini na kutuambia safari imeishia hapo. Mafuta aliyobaki nayo yangemrudisha alikotoka tu. Abiria walinung'unika kidogo, kama inavyotakiwa, halafu kila mtu akachukua mzigo wake. Mimi nilikuwa na sanduku la bati la shule, na kwetu ni mbele huko, njia ya Kapkatet, mwendo wa kutoka asubuhi mpaka jua lilegee.

Baba alikuwa amekuja kunipokea na baiskeli. Tukalifunga sanduku nyuma kwa kamba ya katani, yeye akasukuma, mimi nikatembea kando. Niseme ukweli, nilifurahi. Kwenye basi huwa nakaa nimeinama, nikiomba Mungu jirani yangu asiniulize ninasoma wapi. Ukitembea na baba hakuna anayekuuliza kitu, kwa sababu baba ndiye anayeongea.

Barabara yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Matrekta ya shamba la chai yalikuwa yamelazwa chini ya mikaratusi kama ng'ombe wagonjwa, na magunia ya majani mabichi yalivutwa na maksai. Meneja Mzungu alitupita kwa baiskeli, soksi zimefika magotini, uso mwekundu, jasho linamtiririka. Baba akamvulia kofia kwa heshima zote. Akangoja mpaka mtu yule apinde kona, ndipo akasema, "Mwaka mzima huyo ananirushia vumbi na gari yake. Leo angalau tumeonana macho."

Shuleni mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametueleza jambo hilo kabla ya kufunga. Mfereji wa Suez umefungwa kwa sababu ya vita, meli za mafuta zinalizunguka bara zima la Afrika, kwa hiyo hazitoshi, na nchi isiyo na kisima chake cha mafuta ndiyo inayongoja mwisho wa mstari. Sisi hatuna hata kimoja. Alichora ubaoni meli, bandari ya Mombasa, behewa la tangi, stesheni, lori, pipa, mashine. Kisha akaifuta meli kwa kidole na kutuuliza ni nini kilichobaki. Darasa likajibu kwamba vingine vyote vimebaki. Akasema, "Angalieni tena." Mimi niliona anachotaka, lakini sikuinua mkono. Huwa siinui mkono.

Sikujua kwamba picha ile ilikuwa imefika nyumbani kabla yangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa aolewe kanisani Jumamosi iliyofuata. Mchumba wake ni karani wa kiwanda cha chai, kijana mrefu anayecheka kwa pua. Wakubwa wake walikuwa wamemchagua kwenda Uganda kusomea ukaguzi wa chai, mwaka mzima, na treni yake ilikuwa ya Jumatatu baada ya harusi. Huko mwenye mke hupewa nyumba, asiye na mke hupewa kitanda. Kwa hiyo ama dada aolewe Jumamosi aende naye, ama abaki nyumbani kwetu mwaka mzima akimngoja mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Yeye alisema wazi kwamba hatangoja. Dada husema kila kitu wazi. Tulipogawiwa mdomo, wangu pia alichukua yeye.

Mahindi yalikuwepo ghalani ya kutosha, lakini mashine ya kusaga pale sokoni ilikuwa imenyamaza. Ilikunywa dizeli yake ya mwisho wiki ile niliyofika, ikakohoa, ikalala. Mashine za masoko mengine zilikuwa zimelala kabla yake, na ile ya shamba la chai ilisagia wafanyakazi wake peke yao. Jiwe la mkono la kogo, yaani bibi yangu mzaa baba, linatosha uji wa wimbi wa mtu mmoja na paka. Harusi yetu ilikuwa ya ukoo mzima, na ukoo wa mchumba tuliujua kwa kula.

"Tuahirishe," baba akasema jioni moja, akiangalia kikombe chake cha chai. "Meli zitakuja. Mtu hawezi kualika wakwe aje awape mahindi ya kutafuna kama farasi."

"Baba, mimi nitaachwa mwaka mmoja kwa sababu ya ugali?" dada akauliza.

"Si ugali. Ni mfereji. Mwulize mwenzako aliyesoma."

Wakanigeukia wote. Nikaeleza habari ya Suez kwa sauti ya kuwasemesha vifaranga, nikaishia katikati.

Kogo alikuwa amesikiliza kwa makini. "Sasa huo mfereji ukifungwa," akasema, "vijana wa huko wanangoja nini kuuzibua? Sisi wetu tulikuwa tunauzibua kila mwaka."

Baba akakohoa. Mama akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika. Maana kogo alikuwa ametaja kinu cha maji bila kukitaja.

Kinu hicho kiko chini ya boma letu, kwenye kijito. Babu na wazee wenzake wanne walikijenga kwa kuchanga ng'ombe, na kila mmoja alikuwa na siku yake ya kusaga. Wakachimba mfereji kutoka juu kwenye maporomoko, wakaweka gurudumu la mbao na mawe mawili mazito, la chini limetulia na la juu linazunguka. Nilipokuwa mdogo nililala nikilisikia. Halafu ikaja mashine ya dizeli sokoni, inayosaga gunia kabla mtu hajamaliza salamu, na watu wakaacha kushuka kijitoni. Baba alikuwa amerithi siku ya babu. Siku mashine ilipofunguliwa alisimama mbele ya umati akasema dunia sasa imehama kutoka kwenye maji kwenda kwenye mafuta, na yeye hataki kuachwa nyuma. Ili kuonyesha kwamba hatanii, akampa mwenye mashine jiwe la juu la kinu liwe ngazi ya mlango, akina mama wenye mizigo wasiteleze kwenye tope. Watu walipiga makofi. Toka siku hiyo kila anayesagisha unga alilikanyaga jiwe la babu akiingia na akitoka.

Na kwetu kitu ulichokitoa mbele ya watu hukirudii kwa mdomo wako mwenyewe. Ni aibu ambayo watoto wako watachekwa nayo. Baba hakuweza kwenda. Wazee wenzake wa kinu walisema jiwe alitoa yeye, wao hawamo. Mama alikuwa mkwe mtarajiwa, hangeweza kuzunguka sokoni akiomba. Dada hakuruhusiwa kuonekana sokoni wiki ya harusi yake. Walipomaliza kuhesabu wasioweza, nikabaki mimi.

"Utasema tu tunaomba jiwe," dada akanifundisha. "Maneno mawili."

Mwenye mashine ni mtu wa upande wa ziwa, mnene, mcheshi, aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani kabla ya kununua injini yake. Kando ya mashine ana duka dogo. Nilimkuta ameketi juu ya pipa tupu la dizeli, amezungukwa na wanaume wasio na kazi siku ile.

"Karibu, msichana wa shule. Unataka nini?"

"Chumvi," nikasema.

Nikarudi nyumbani na chumvi. Dada akaipokea, akaipima mkononi. "Jiwe limekuwa jepesi," akasema.

Kesho yake nikarudi. Wanaume walikuwa wanabishana kama meli zikikosa kuja kabisa itakuwaje. Mmoja akasema tutarudi kwa punda na hatutakufa. Mwenye mashine akatikisa kichwa.

"Nimefanya kiwandani miaka mingi," akasema. "Moto wa kukausha chai ni kuni, hiyo iko. Lakini chai ikishakauka inakaa tu, mpaka mafuta iipeleke stesheni, iipeleke Mombasa. Chai ndiyo inalipa mshahara, mshahara ndiyo inanunua chumvi kwangu. Pipa hii ikiwa tupu, sisi wote tumekaa juu yake." Kisha akaniona. "Ndiyo, mama?"

"Chumvi."

"Tena? Kwenu mnafuga ng'ombe wangapi?"

Wakacheka. Nikachukua chumvi, nikageuka kutoka, nikafika mlangoni, nikasimama. Ilikuwa Jumanne. Niliona kwamba nikishuka pale bila kusema, dada atakaa mwaka mzima akiniangalia kila asubuhi juu ya kikombe cha chai. Nikasema bila kugeuka, "Naomba jiwe."

"Jiwe gani?"

"Hili."

"Hili lipi?"

"Hili nililokanyaga."

"Basi shuka kwanza," mwenye mashine akasema, "tulione."

Nikashuka. Na kwa kuwa nilikuwa nimewapa mgongo na siwaoni, maneno yakatoka yote kwa pamoja, harusi, karani, Uganda, nyumba ya wenye wake, baba na aibu yake. Nilipomaliza hakukuwa na aliyecheka. Nikageuka. Mwenye mashine alikuwa ameinamia jiwe, anafuta tope kwa kiganja.

"Baba yako alinipa hii jiwe na hotuba," akasema. "Nilisikia yote mpaka mwisho. Sasa jiwe yangu ya mlango iende ichukue watu wangu wa kusaga?"

Nikahamisha chumvi mkono wa pili.

"Mwambie nimekubali, lakini aje abebe mwenyewe. Na mwambie mimi nataka siku yangu kwa hiyo kinu, kama wale wazee. Mafuta ikirudi nitawasha injini yangu, lakini siku moja kwa wiki nitasaga na maji. Hii pipa imenidanganya mara moja. Sitaki inidanganye mara ya pili."

Siku aliyopewa ni Jumanne, na anaishika mpaka leo ingawa dizeli imesharudi. Baadhi ya wazee wanasema ni ubahili. Mimi naona ndiye peke yake kati yetu aliyeiangalia tena picha ya ubaoni, na hajawahi kuiona.

Baba alikuja jioni ile ile, kofia mkononi, na vijana wa boma la jirani.

"Mzee," mwenye mashine akamwita kwa mbali, "hotuba ya leo iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani. Ilikuwa nzito kuliko jiwe."

Wakalichimbua kwa majembe, wakapitisha mti kwenye tundu la katikati, wakalisimamisha kama gurudumu ili lisukumwe badala ya kubebwa. Wazo lilikuwa la baba. Njia ya sokoni kuja kwetu ni tambarare mpaka kwa mwalimu wa kanisa, halafu inashuka mpaka kijitoni, na hilo la kushuka hakuna aliyelifikiria. Lilipofika ukingoni lilivuta kidogo, likavuta zaidi, vijana wakaachia mti, likaondoka peke yake. Lilipita kwenye mabua ya mahindi likiyalaza. Likapita katikati ya mbuzi wa mjane mmoja bila kumgusa hata mmoja. Sisi nyuma, baba mbele yetu akikimbia na kofia yake, mwenye mashine akihema na kusema, "Sasa hiyo ndiyo usafiri bila mafuta." Likazama kwenye tuta la viazi vitamu vya kogo, likasimama wima.

Kogo alikuwa hapo na kikapu chake. Akaliangalia jiwe, akamwangalia baba.

"Limekuja lenyewe," akasema. "Wewe ulichelewa."

Jumatano ilikuwa ya mfereji. Vijana walifyeka majani, wakatoa matope, wakang'oa viazi vikuu ambavyo mama mmoja alikuwa amepanda ndani yake akijua maji hayatarudi. Mbao mbili za gurudumu zilikuwa zimeoza, baba akang'oa mbao za zizi. Lakini taabu kubwa ilikuwa jiwe lenyewe. Baba alikuwa ameliweka mlangoni meno ya kusagia yakitazama juu, ili lisiwe na utelezi, na nyayo za akina mama wa soko zima zilikuwa zimeyala meno yote. Lilikuwa laini kama sahani. Mwenye mashine akaleta patasi zake za injini, wakakaa yeye na baba kila mmoja upande wake wakilichonga, siku nzima ya Alhamisi, baba akijipiga kidole kila baada ya muda na kulaumu patasi.

Ijumaa asubuhi maji yakafunguliwa. Yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu mbele yao, na kogo akatembea kando yao kwenye ukingo, hatua kwa hatua, mpaka kwenye gurudumu. Likalia, likakataa, likalia tena, likazunguka. Dada alikuwa amejificha nyuma ya kibanda cha kinu, kitambaa kimefunika kichwa mpaka pua, na nilipomwona alikuwa amekamata ukuta kwa mikono miwili.

Kila mtu kwetu anajua kwamba unga wa kwanza wa jiwe lililochongwa upya hauliwi na watu. Una mchanga wa jiwe. Hupewa kuku. Mama akaukinga kwenye gunia la peke yake akaliweka kando ya mlango wa jiko, akaenda kushughulikia mengine. Kinu kikasaga mchana kutwa, unga mweupe, wa moto kidogo mkononi, tukajaza magunia mpaka jua likatua. Baba alikuwa amepakwa unga mpaka kope. Hakutoa hotuba.

Jumamosi wakwe walikuja kwa miguu, kwa sababu lori waliloahidiwa na kiwanda lilikuwa halina petroli. Walitembea kutoka mapambazuko, wakafika kanisani wamechoka na wana vumbi, na baada ya ibada wakaketi nyumbani kwetu chini ya kivuli cha turubai wakiwa na njaa ya kweli kweli. Shangazi zangu waliokuwa jikoni walitoka mbali, wamefika usiku uliotangulia. Hakuna aliyewaeleza habari ya magunia. Wakachota kwenye lile lililokuwa karibu na mlango, na ugali wa kwanza ukapelekwa mahali pa heshima, kwa wazee wa bwana harusi.

Babu wa bwana harusi ni mzee mkavu mwenye meno yake yote. Alimega, akachovya, akatia mdomoni. Tulisikia kutoka tulipokaa. Ilikuwa sauti ya mtu anayetembea juu ya kokoto.

Akaacha kutafuna. Wazee wenzake nao wakaacha. Kwa desturi yetu mkwe akikataa chakula cha kwanza, harusi imeingia doa, na watu huondoka kwanza wakaongee. Nilimtazama dada. Alikuwa ameketi kando ya mumewe, shela nyeupe usoni, ameyakamata magoti kwa mikono miwili.

Mwenye mashine alikuwa amealikwa. Akasimama kusaidia. "Wazee wangu, msiogope," akasema kwa furaha. "Hiyo ni jiwe ya mlango yangu. Imekanyagwa na watu wote wa hii soko, lakini tumeichonga."

Wazee wakaangaliana. Baba alifungua mdomo, na mara hii mdomo wake haukuwa na kitu ndani. Mama alikuwa jikoni. Na mimi nilijua kilichotokea, kwa sababu nililiona gunia likiwa limelegea kando ya mlango nilipopita na maji ya kunawa. Miguu ikanisimamisha. Sikuwa nimeituma.

"Samahani, kugo," nikamwambia yule mzee, kama tunavyowaita akina babu. "Unga mzuri uko jikoni. Huo mlioletewa ni wa kuku."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Kila kichwa chini ya turubai kilikuwa kimenigeukia. Nikabaki nimesimama, kwa kuwa kukaa pia kulihitaji nguvu.

Mzee akatema taratibu kwenye kiganja, akaangalia. "Wa kuku," akasema. Akamgeukia mwenzake. "Kuku wa huku wana meno mazuri sana."

Akaanza yeye kucheka, bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, kisha wenzake, kisha turubai zima. Bwana harusi akacheka kwa pua. Mama akatoka jikoni akikimbia, akaona sahani, akaelewa, akazichukua zote. Shangazi zangu wakapika upya. Ugali wa pili ulipofika mzee alimega, akatafuna huku kila mtu akisikiliza, akameza, akanyoosha sahani aongezwe. Wakala kama watu waliotembea kutoka mapambazuko. Hatukubakiwa na hata ukoko.

Kwetu bibi harusi hali chakula mbele ya wakwe. Walipokuwa wanafunga mizigo ya kuondoka alinishika mkono akanivuta nyuma ya ghala, shela na yote, akaniuliza kama nilimwekea chochote. Nilikuwa nimemwekea. Tonge moja kubwa ndani ya jani la mgomba, na nyama kidogo, na maziwa lala kwenye kibuyu cha kogo. Akakunja shela mabegani, akachuchumaa kwenye nyasi, akala kwa kasi bila kusema kitu, mtu ambaye husema kila kitu. Mara moja aliacha kutafuna, akahisi kwa ulimi, akaridhika kwamba ni chakula tu, akaendelea. Kisha akapangusa mikono kwenye majani, nikamshushia shela vizuri, akaenda kwa mumewe.